Jibu: Shemeji yangu fundi umeme amehamia ugenini, hapati kazi

Poleni, ndugu. Nimekuelewa: shemeji ana uzoefu na kibali cha kazi anacho, ila kila akituma maombi ni kimya.

Nadhani amekwama kwenye cheti. Umeme ni fani inayodhibitiwa katika nchi nyingi. Bila cheti chake kutambuliwa na mamlaka za huko, mwajiri hata akimpenda hawezi kumwachia kazi peke yake. Apeleke cheti na orodha ya masomo aliyosoma, vikiwa vimetafsiriwa na mtafsiri anayetambulika rasmi. Hilo huchukua muda, kwa hiyo huku akisubiri aombe kazi ya msaidizi wa fundi. Najua inauma kwa mtu aliyekuwa bosi wa vijana wake, lakini inampatia mdhamini wa palepale, na waajiri wengi hutaka kusikia kutoka kwa mtu wanayeweza kumpigia simu.

Wasifu usiishie "fundi mzoefu". Aeleze kazi yenyewe: jengo la ghorofa ngapi, alifunga nini, alisimamia watu wangapi. Lugha ya huko aanze na maneno ya usalama kazini.

Wakala akidai ada ili ampe kazi, amkimbie. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kwa kawaida unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi. Pasipoti asimwachie mtu yeyote. Na kama kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajahamia kwa mwingine.