Mgonjwa wa korona akiruhusiwa, ulizieni na moyo

Mtu akilazwa kwa korona, ukoo mzima unahesabu pumzi. Oksijeni imepanda? Kikohozi kimepungua? Siku akiruhusiwa tunashukuru kwamba mapafu yamepona, na habari za moyo hakuna anayeziulizia. Nawashauri muulize, tena kabla hamjakunja mashuka.

Nayasema haya kwa sababu ya baba mdogo, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mtu wa presha ya miaka mingi. Katikati ya 2021 alilazwa hapa Kigoma mjini, akawekewa oksijeni. Alitoka akiwatania manesi. Alipofika nyumbani Ujiji mambo yakaanza kugeuka taratibu: ikifika jioni miguu imejaa, kandambili hazimwingii, akipanda kilima kidogo anasimama, mapigo yanakwenda mbio hata akiwa amekaa. Mashangazi wakasema ni mapafu tu, apewe tangawizi na nyungu. Jirani mmoja akaleta na habari za mtu aliyemwonea kijicho mwaloni. Hizo nazipita.

Aliyetufungua macho ni tabibu wa zahanati. Alimbonyeza ugoko kwa kidole gumba, akaachia, shimo likabaki pale pale. Akatuandikia rufaa ya kwenda kupimwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Kilichoonekana ni upande wa kulia wa moyo kutanuka. Upande huo ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni. Korona ikiyavimbisha mapafu, au mabonge ya damu yakiziba mishipa yake, moyo unakuwa kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa kwa ndani: unajikaza, unachoka, unatanuka. Damu inayorudi kutoka mwilini inakwama, ndipo maji yanashuka miguuni. Upande wa kushoto, unaosambaza damu mwili mzima, kwa baba mdogo ulikuwa mzima kabisa.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2020, Tel Aviv huko Israeli, madaktari waliwapima kwa eko wagonjwa 100 wa korona waliolazwa. Kasoro iliyoongoza ilikuwa hiyo hiyo ya upande wa kulia, wagonjwa 39. Upande wa kushoto kushindwa kusukuma ulionekana kwa 10 tu, na 32 mioyo yao haikuwa na kasoro yoyote.

Kuna na kipimo cha damu cha troponini. Hiyo ni protini ya misuli ya moyo, na misuli ikiumia inavujia kwenye damu. Huko Wuhan, China, mwanzoni mwa janga, kati ya wagonjwa 416 waliolazwa, 82 walionyesha moyo kuumia, na zaidi ya nusu ya hao walifariki. Kwa wale ambao moyo haukuguswa, waliofariki hawakufika 5 katika kila 100. Ndiyo maana daktari akiona troponini imepanda anakunja uso. Lakini msikimbilie kusema ni shambulio la moyo. Inaweza kupanda kwa kukosa oksijeni, kwa bonge la damu, au kwa misuli ya moyo kuvimba yenyewe. London walifuatilia wagonjwa 148 waliougua sana na troponini yao ikapanda; baada ya kutoka hospitali walipigwa picha za moyo kwa MRI, mashine ya sumaku. Zaidi ya nusu walikuwa na alama za kuumia, ila asilimia 89 upande wa kushoto ulikuwa unasukuma vizuri. Baba mdogo nilimsomea hizi namba mara nyingi, maana hofu nayo ilikuwa inamnyima usingizi.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa mwulizeni daktari: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilipigwa? Troponini ilipimwa? Majibu yalikuwaje? Ombeni nakala. Eko si ya kila mtu, na hela haziokotwi. Kwa maoni yangu ifuatilieni kama troponini ilipanda, kama mgonjwa alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani, au kama dalili zinaendelea.

Vidonge vya presha msiviachishe kwa maneno ya mtaani. Mwaka 2020 ilienea hofu kwamba baadhi ya dawa hizo zinaifungulia korona mlango. Brazili wakalijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 659 waliolazwa, wengine wakaendelea na dawa, wengine wakasimamishwa, na kuacha hakukuleta faida. Baba mdogo aliongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa dawa hiyo, aspirini na mitishamba msichanganye bila kumwambia daktari, damu inaweza kuvuja tumboni.

Nyungu yenyewe sina ugomvi nayo. Lakini kumfunika blanketi mtu anayehema, jasho limtoke mpaka apate kizunguzungu, ni kuuongezea moyo kazi.

Chumvi, aliyotakiwa kuipunguza, ndiyo ilituletea kesi. Migebuka iliyokaushwa kwa chumvi tuliiondoa mezani akanuna, akahamia kula kwa dada yake, tukamfuata huko huko. Na kama rufaa ni ya Mwanza, basi la kutwa nzima si mchezo kwa mtu wa mabonge ya damu. Kila likisimama ashuke atembee, na njiani awe anachezesha nyayo.

Kazi nzito zingoje ruhusa. Aliyeambiwa misuli ya moyo imevimba hupumzishwa miezi 3 hadi 6 bila mazoezi makali, na kubeba magunia ya dagaa ni mazoezi makali, hata akiapa kwamba anajisikia vizuri. Eko ya marudio ya baba mdogo ilionyesha upande wa kulia umerudi karibu na kawaida, na siku hizi anasimamia mizigo, vijana wanabeba.

Maumivu ya kifua yasiyoachia, kuzimia, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba ghafla na kuuma: hayo msiyasubirishe asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo na cheti chake cha kuruhusiwa, na dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za duka la dawa anazozificha chini ya godoro.