Mtoto mwenye mguu kifundo: asisubiri akue

Dada, pole na hongera ya mtoto, huyo aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani. Huyo aliyekwambia usubiri afikishe miaka miwili ndipo apasuliwe anakupotosha, japo najua kasema kwa nia njema. Mpeleke wiki hizihizi. Njia inayotumika sasa ni ya Ponseti: mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono, unafungwa plasta ngumu, plasta inabadilishwa kila wiki, mara tano hadi nane hivi. Wengi hukatwa kano ya nyuma ya kisigino kwa ganzi, upasuaji mdogo tu, basi.

Kazi kubwa inakuja baada ya hapo, na ndipo wengi tunaposhindwa. Mtoto atavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: karibu saa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku tu mpaka miaka minne au zaidi. Atalia. Bibi atasema mvue. Usimvue, mguu unarudi kupinda.

Kuhusu gharama, usiogope ukidhani viatu hivyo ni lazima viwe vya "kutoka nje". Viatu vya aina ya Steenbeek vilibuniwa hapo Uganda, vikashonwa na mafundi wa hukohuko kwa ngozi na chuma cha kawaida. Na wanaofunga plasta si lazima wawe madaktari bingwa. Uganda waliwafundisha maofisa tabibu wa mifupa, huduma ikasogea wilayani.

Kama uko Dar, anzia hospitali ya CCBRT. Moshi kuna hospitali ya KCMC. Mkoani kwingine, muulize muuguzi wa kliniki ya watoto siku ya kliniki za mguu kifundo.