Maswali na Majibu: Mitandao ya Kijamii na Kiingereza cha Wanafunzi

Mwanangu yuko kidato cha pili. Tangu apewe simu likizo iliyopita, Kiingereza chake kimeporomoka. Nimnyang'anye? (Mama, Morogoro)

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na kila mara simu hutajwa lakini daftari halitajwi. Mama, kabla ya kumnyang'anya, fungua daftari lake la Kiingereza uone ameandika insha ngapi tangu muhula uanze, na ngapi zimesahihishwa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zinafundishwa kwa Kiingereza, alianza kuhangaika na lugha hiyo kabla hajashika simu. Katika shule za bweni za serikali, ambako simu haziruhusiwi, wapo wanafunzi wengi wasioweza kuandika aya moja iliyonyooka. Mitandao ina lawama zake, lakini tatizo haikulianzisha. Kilichotuangusha ni kuacha kusoma maandishi marefu na kuacha kuandika. Simu ilale chumbani kwako, na kila Jumamosi mwanao aandike ukurasa mmoja kwa mkono. Hata kama hukijui Kiingereza, mistari unaweza kuihesabu.

Kuna ubaya gani kuandika "u", "coz" na "2moro" ikiwa ninayemwandikia ananielewa? (Kidato cha tatu, Tabora)

Kwa rafiki yako, ubaya si mkubwa. Ufupisho huo ulikuwa na sababu zama za simu za vitufe, ujumbe mmoja ulipobeba herufi 160 na kila ujumbe ukalipiwa. Leo WhatsApp haikuhesabii herufi, kwa hiyo kilichobaki ni mazoea tu. Hatari yake kubwa iko kwenye sarufi kuliko kwenye tahajia. Nimewahi kusahihisha barua ya mwanafunzi iliyosema "ur welcome at our home with ur brother". Nilipomwambia aandike maneno yote kwa ukamilifu, akaandika "your welcome at our home with your brother", akanirudishia daftari akiwa na hakika kwamba amemaliza kazi. Herufi zote zilikuwepo, lakini "you are" ilikuwa imeshapotea kichwani mwake, kwa sababu kwa muda mrefu "ur" ilimfanyia kazi zote mbili, ya "you are" na ya "your". Usitegemee simu ikusahihishie, kwa maana katika chumba cha mtihani wa NECTA hutakuwa nayo.

Je, video za TikTok zinaweza kunifundisha Kiingereza? (Iringa)

Kusikiliza na kutamka, ndiyo. Kuandika insha, hapana.

Nimeunda kundi la WhatsApp la darasa langu ili tufanye mazoezi ya Kiingereza, lakini wanafunzi wanatuma emoji na sauti tu. Nifanyeje? (Mwalimu, Songea)

Mwalimu mwenzangu, kundi lisilo na masharti hugeuka kijiwe. Toa swali moja jioni, dai jibu la sentensi tatu kamili, kisha chagua kosa moja lililojirudia ulieleze bila kumtaja aliyelifanya, kwa sababu mwanafunzi akichekwa mbele ya wenzake hataandika tena. Jihadhari na majibu ya kunakiliana: ukiona sentensi ileile kwa watu watano, kesho yake waandikishe darasani bila simu. Jambo ambalo hukuliuliza, nami silifumbii macho, ni la wanafunzi wasio na simu nyumbani. Usitoe alama kwa kazi ya kwenye kundi, maana utakuwa unawaadhibu kwa umaskini wa wazazi wao.

Programu gani ya simu ni bora kuliko zote kwa kujifunza Kiingereza? (Wengi)

Jibu langu ni kitabu, si programu, na ninaomba msiniulize tena kabla hamjamaliza kusoma hadithi hata moja ya Kiingereza kutoka maktaba ya shule au ya mkoa.

Nimeona tangazo la "Kiingereza fasaha ndani ya siku 30", malipo kabla. Nijiunge? (Mwanza)

Usilipe.

Nimepata rafiki Facebook anayesema ni Mwingereza, na anataka tufanye mazoezi ya kuzungumza kwa video usiku. Ni sawa? (Msichana wa kidato cha nne, Tanga)

Hapana, mwanangu. Humjui, na mazoezi ya lugha hayahitaji usiku wala sura yako. Akikuomba picha, usitume. Mfungie, kisha mwonyeshe mzazi au mwalimu unayemwamini mazungumzo yenu yote kabla hujayafuta. Kuzungumza Kiingereza fanya na wenzako wa darasani, hata kama nao wanakosea.