Maswali yenu ya milima: kuanzia wapi, kugeuka saa ngapi, na pale njia inapoisha jiwe linaanza

Maswali ya wikendi yamekuwa mengi, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyafupisha nikachagua yale ambayo jibu lake litamfaa zaidi ya mtu mmoja. Wengi mko Nairobi na miji ya karibu, lakini Arusha pia nimewaona.

Sisi ni wafanyakazi wa ofisi moja, watu kumi na wawili, hakuna aliyewahi kupanda mlima. Tunataka kwenda Elephant Hill mwisho wa mwezi. Tujiandae aje?

Msiende Elephant Hill mwisho wa mwezi. Najua picha zake ni nzuri na najua mshachanga pesa ya gari, lakini huo ni mlima wa karibu mita 3,600 kwenye safu ya Aberdare, unaanza na msitu, unaingia kwenye mianzi yenye matope hata siku ambayo hakujanyesha, alafu ukidhani umemaliza unatoka kwenye nyasi za juu unaona kilele bado kiko kule, na ndo maana kuna mahali wahaikaji wamepabatiza pa kukata tamaa. Ni siku nzima ya miguu, na baridi yake si ya Nairobi.

Anzeni na Ngong. Mkitoka geti la Ngong mpaka Kona Baridi ni kama kilomita 10 za kupanda na kushuka vilima saba, kilele cha juu kabisa ni kama mita 2,460, na upepo huko ni wa kweli, ile mitambo ya umeme haikuwekwa pale bure. Mkivuka eneo la mitambo chukueni askari wa kuwasindikiza, mnapanga naye pale getini, msione ni gharama ya bure.

Wiki mbili baadaye nendeni Longonot. Hapa ndo mtajua kundi lenu liko aje. Toka geti mpaka ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, ni kilomita 3.1, kuzunguka ukingo wote ni 7.2, alafu unarudi ulikotoka, jumla zaidi ya kilomita 13. Wengi hufika ukingoni wakiwa na nguvu wakaamua kuzunguka bila kufikiria, na kilele chenyewe, mita 2,776, kiko huko kwenye mzunguko, na njia ya kukifikia imechimbwa na maji ya mvua ikawa mitaro, unakanyaga majivu ya volkano yanateleza kama unga, mahali pengine lazima ushike mwamba au mizizi ujivute. Hakuna kivuli na hakuna maji. Kila mtu abebe lita tatu, na hiyo lita tatu si ya kugawana. Kama nyote kumi na wawili mtamaliza mzunguko na bado mnaongea vizuri, basi sasa tuzungumze habari ya Elephant Hill.

Nitajuaje mlima utanichukua saa ngapi? Kila mtu ananiambia namba yake.

Hili ndo swali ninalopenda kuliko yote, manake watu wengi wanapanga saa ya kuondoka tu, saa ya kugeuka hawaipangi, na shida nyingi za mlimani zinaanzia hapo.

Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na mpaka leo inafanya kazi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue Elephant Hill. Kwenda na kurudi sema kilomita 18, hiyo ni saa tatu na nusu na kidogo. Kupanda ni kama mita 1,000, ongeza saa moja na dakika arobaini. Jumla saa tano na kitu. Lakini Naismith alikuwa anahesabia mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyepumzika. Weka matope, weka mianzi ya kuinamia chini yake, weka kundi, weka chakula, ongeza nusu ya hesabu yote. Unapata kama saa nane.

Sasa anza kuhesabu ukitokea nyuma. Jua letu linatua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na huku karibu na ikweta giza halina subira, jua likizama nusu saa haiishi huoni mguu wako, na ndani ya mianzi giza linaingia mapema zaidi. Unataka uwe nje ya msitu kufikia saa kumi na moja. Kushuka sema saa tatu. Kwa hiyo saa nane mchana, popote mtakapokuwa, hata kama kilele mnakiona, mnageuka. Saa hiyo iandikeni kwenye grupu ya WhatsApp usiku kabla ya safari, kila mtu aione na akubali, kwa sababu ukingoja kuijadili mkiwa mmebakisha dakika ishirini za kilele hakuna atakayekubali.

Ili muwe na nafasi ya kutosha, miguu ianze kutembea saa moja asubuhi pale kituo cha msitu cha Njabini. Maana yake Nairobi mnatoka saa kumi na moja alfajiri, mnapitia Flyover kwenye barabara ya Nakuru. Yule anayesema atawapata njiani mwambieni mapema kwamba gari halimngoji.

Nasikia Mt Kinangop kule juu kuna mwamba wa kupanda kwa mikono. Naogopa urefu kidogo. Nitaweza?

Ndiyo, kilele cha Kinangop, mita 3,906, ni mwamba umesimama juu ya nyanda za nyasi, na mita za mwisho unazipanda kwa mikono na miguu. Si kazi ya kamba ukiwa na mtu anayeijua njia yake, lakini si kutembea tena.

Nikueleze vile inafanyika. Mikono miwili na miguu miwili, jumla viungo vinne, na wakati wowote vitatu vimeshika, kimoja tu ndo kinasogea. Kabla ya kuweka uzito kwenye jiwe, lipige kwa kiganja, jiwe zima linatoa sauti ngumu, lililoachia linalia kama debe tupu, hilo usiliguse. Shika kwa vidole vyote, livute kuelekea chini wala si kulivuta nje kuelekea kwako, kwa sababu jiwe likivutwa nje ndo linang'oka. Kazi kubwa iache kwa miguu. Wanaoanza wanakumbatia mwamba, kifua kimegandana nao, na hapo miguu inaanza kuteleza maana uzito umeenda mbele, na pia huoni unapokanyaga. Jitenge kidogo na mwamba, angalia kiatu chako, chagua mahali, weka ncha ya kiatu, tulia, alafu ndo usimame juu yake.

Jambo lingine, usipande mahali ambapo huwezi kushuka. Kupanda ni rahisi kwa sababu macho yako mbele ya mikono, kushuka unatafuta kwa mguu kitu usichokiona. Kwa hiyo ukipanda hatua tatu za kwanza, simama, shuka hizo hatua tatu, uso ukiangalia mwamba, kama umeshuka vizuri basi panda tena uendelee, kama umeshindwa umeshajua jibu ukiwa bado karibu na chini. Na msifuatane mmoja chini ya mwingine. Apande mmoja, afike, ndo wa pili aanze, na jiwe likitoka pigeni kelele "Jiwe!" kwa sauti, walioko chini wasiinue uso kuangalia bali wajibane kwenye mwamba.

Kama mwamba umelowa, umekutana na ukungu au una ile kuvu ya kijani, kaa chini yake ule chapati zako ufurahie mandhari. Umefika Kinangop.

Kuhusu woga, woga wa urefu si ugonjwa na wala haukuzuii. Anzia vitu vidogo. Zile sehemu za mitaro za Longonot zinakufundisha mikono. Lukenya kule njia ya Mombasa kuna miamba ambayo wapandaji wa kamba wamefanyia mazoezi miaka mingi, nenda na watu wenye kamba na kofia ngumu, ukipanda ukiwa umefungwa kamba mwilini unajifunza kuamini viatu vyako bila hatari ya kuanguka.

Lazima ninunue buti za bei? Nina raba tu.

Kwa Ngong na Longonot, raba zenye meno chini zinatosha kabisa. Kwa Elephant Hill watu wengi wa pale wanapanda na gambuti na wako sawa. Buti nzuri za mitumba zinapatikana masoko ya Gikomba na Toi Nairobi, ila pinda soli kwa mikono yako yote miwili na uangalie gundi pembeni, kama imeanza kufunguka itamalizikia mlimani. Zivae mtaani kwanza kama wiki mbili.

Pesa uliyookoa nunua jaketi ya mvua ambayo kweli haipitishi maji, na tochi ya kichwani, hata kama mnapanga kurudi saa tisa. Jinzi acha nyumbani. Jinzi na fulana ya pamba vikilowa havikauki, vinakaa mwilini vikinyonya joto lako, na huko Aberdare mvua na upepo vikikutana mtu anaweza kufa kwa baridi huku tuko karibu na ikweta. Ukiona mwenzako anatetemeka sana, alafu anaanza kuongea kama mlevi, kujikwaa, anasema anataka tu kukaa, huyo si mvivu. Mvue nguo zilizolowa, mvishe kavu, mpe kitu cha sukari kama bado anameza vizuri, na shukeni naye.

Tulienda na kundi la kulipia, mimi nikawa wa mwisho, wakaniacha na mwanamke mwingine ndani ya mianzi bila kiongozi. Tulitoka gizani. Mimi ndo nilikosea kwa kwenda polepole?

Hapana dada yangu, hukukosea hata kidogo, na pole sana. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa mwisho. Msitu wa Aberdare una ndovu na nyati, watu wawili wasiojua njia hawaachwi humo kwa sababu yoyote.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote tena, muulize maswali haya: nani anatembea nyuma ya wote? Mnageuka saa ngapi? Mna askari wa msitu? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza na anajua kulitumia? Mtu anayejua kazi atakujibu papo hapo. Akianza kukuambia "usijali, ni mlima rahisi", tafuta wengine. Na kwenye njia panda kila moja kundi linasimama, linahesabiwa, ndo linaendelea, na wale wa mbele ambao wamepumzika dakika kumi wasiinuke tu pale wa mwisho anapofika, naye pia apewe dakika zake za kukaa.

Point Lenana inawezekana Ijumaa jioni mpaka Jumapili?

Watu wanafanya. Mimi sikushauri kama hujawahi kulala juu ya mita 3,000. Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watu hufika bila kamba, ni mita 4,985, hewa unayovuta pale ni kama nusu na kidogo ya ile ya Mombasa. Ukipitia njia ya Sirimon unalala kambi ya Old Moses kwenye 3,300, kesho yake unalala kambi ya Shipton's kwenye 4,200, hiyo ni mita 900 kwa usiku mmoja, wakati ushauri wa madaktari wa milima ni kwamba ukishapita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa usiku. Ongeza siku moja, omba ruhusa Jumatatu. Kichwa kikiuma, kaa hapo ulipo, usipande. Kichwa kikizidi, ukaanza kutapika, kuyumba ukitembea, au kukohoa na kukosa pumzi ukiwa umekaa, unashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, dawa kubwa ni kushuka. Na chagua Januari na Februari au Agosti na Septemba. Karibu na kilele kuna vyuma vya kukanyagia vimegongwa kwenye mwamba, kukiwa na barafu alfajiri vinateleza, vaa glavu.

Niko Arusha, nataka Meru wikendi.

Meru kamili, mita 4,566, haitoshi wikendi, watu huchukua siku tatu au nne kutoka geti la Momella, na askari mwenye bunduki ni lazima kwa sababu ya nyati. Juu ya Saddle Hut, ukishapita Rhino Point, kuna miamba na ukingo mwembamba ambao unapitwa usiku, si pa kujifunzia. Kwa wikendi nenda geti la Marangu, Kilimanjaro, panda mpaka kibanda cha Mandara kwenye mita 2,700 na kitu, ongeza kreta ya Maundi, urudi jioni. Miguu na mapafu vitakuambia kama Meru iko karibu.

Binti yangu ana miaka 8, nimpeleke Ngong?

Mpeleke. Mbebee sweta na jaketi, mayai ya kuchemsha, njugu na maji, muanze asubuhi, mvuke vilima viwili vitatu mrudi njia ile ile, na yeye atangulie aweke mwendo.