Maswali ya Wasomaji: Stensili za Tatuu na Sababu Zinazozifanya Zifutike

Barua zimekuwa nyingi safari hii, na sehemu kubwa zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kufutika kwa stensili, yaani ule mchoro wa zambarau unaohamishwa kutoka karatasini hadi kwenye ngozi ili sindano iufuate. Nimeanza na hilo ili tulimalize.

Stensili yangu hufutika kabla sijafika nusu ya kazi. Je, nibadilishe aina ya karatasi?

Kama ilivyo kawaida, aliyeuliza anailaumu karatasi wala hasemi alisubiri dakika ngapi baada ya kuibandua. Rangi ya zambarau iliyomo katika karatasi ya stensili huyeyuka inapokutana na unyevu wa dawa ya kubandikia. Ndiyo maana inahama kutoka karatasini hadi kwenye ngozi, na ndiyo maana itaendelea kuhama, safari hii hadi kwenye glavu na tishu yako, usipoiacha ikauke. Nyoa eneo lote kwa wembe mpya hata kama huoni nywele, kwa kuwa vinyweleo huinua karatasi. Osha kwa sabuni, pangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta, kisha ngoja ngozi ikauke kabisa. Dawa ya kubandikia ipakwe kidogo sana na isuguliwe mpaka kidole kilichovaa glavu kianze kunata badala ya kuteleza. Wengi huipaka kana kwamba wanapaka losheni, halafu wanashangaa mistari ikitanuka na kuvuja.

Ukishaibonyeza karatasi bila kuisogeza na kuibandua taratibu kuanzia kona moja, kaa. Mimi hungoja dakika 15, na kwa mchoro mkubwa hungoja zaidi. Muda huo haupotei, kwa sababu kuna sindano za kupanga na wino wa kumimina. Kisha anza kazi chini, upande ambao mkono wako hautapita tena juu ya mistari ambayo haijachorwa; kwa anayetumia mkono wa kulia, hapo ni kona ya chini kulia. Wino ukijaa juu ya ngozi, gusa kwa tishu na uinue. Anayeburuta tishu anafuta stensili kwa mkono wake mwenyewe, na huyo hata karatasi ya bei ya dhahabu haitamfaa.

Je, ni lazima nigeuze maandishi kabla ya kutengeneza stensili?

Inategemea rangi ilifikaje kwenye karatasi. Unapochora kwa mkono juu ya karatasi nyeupe ya juu, ile inayolala juu ya karatasi yenye rangi, rangi hukamatwa na mgongo wa karatasi hiyo, na mgongo ndio unaogusa ngozi, kwa hiyo andika kama unavyoandika siku zote. Printa iliyojazwa wino wa stensili hupiga rangi upande wa mbele, na upande huo huo ndio unaolazwa juu ya ngozi, kwa hiyo hapo huna budi kugeuza. Kwa mashine ya joto, ile inayonakili mchoro kwenye karatasi ya stensili, angalia kwanza kama kitufe cha kugeuza kimewashwa. Kwa vyovyote vile, kabla ya kubandika tazama upande wenye zambarau: ukisomeka vizuri karatasini, utasomeka kinyume mwilini.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Katika mwaka wangu wa kwanza nilibandika neno IMANI kwenye mguu wa mteja likiwa limegeuka, na kwa kuwa I, A na M zinafanana mbele na nyuma, jicho langu lilipita bila kushtuka. Ni N, iliyopinduka na kubadilishana nafasi na M, iliyonisaliti, na aliyeiona si mimi bali rafiki wa mteja aliyekuwa amekaa pembeni. Tangu siku hiyo mteja wangu husoma herufi moja moja kwa sauti, karatasini na tena mwilini. Asisome kupitia kioo, maana kioo nacho hugeuza, na atakupigia kelele bure.

Naweza kutumia stensili moja kwa marafiki wawili wanaotaka mchoro mmoja?

Hapana. Karatasi iliyogusa ngozi ya mtu mmoja, tena iliyotoka kunyolewa, huenda kwenye pipa la taka. Tengeneza mbili.

Nyoka niliyemchora alikuwa amenyooka vizuri mteja alipolaza mkono mezani, lakini aliposimama akawa amepinda. Nilikosea wapi?

Ulikosea mezani. Kiganja kinapogeuzwa, mifupa miwili ya mkono baina ya kiwiko na kifundo hupishana, na ngozi iliyo juu yake huifuata. Mstari uliobandikwa mkono ukiwa umegeuzwa utajisokota pindi mkono utakaporudi mahali pake. Stensili ibandikwe mteja akiwa amesimama kama anavyosimama kila siku, mabega yamelegea na mikono inaning'inia pembeni, wala si akiwa amejikaza kana kwamba anapigwa picha ya pasipoti. Kata karatasi karibu na mchoro, na pale pasipo na mistari ichane kidogo kuanzia ukingoni ili ikumbatie mviringo wa mkono bila kukunjamana. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa utazame.

Akishalala ili uanze kazi, mistari hiyo utaiona imepinda. Ifuate hivyo hivyo. Wachoraji wachanga wengi huharibu hapa, kwa kuwa hujaribu kunyoosha kwa sindano kitu ambacho tayari kilikuwa sawa. Na ikiwa stensili imekaa vibaya, ifute kwa spiriti na utengeneze nyingine, hata mara ya tatu. Mwambie mteja mapema kwamba kuihamisha hakukuudhi, kwa sababu wengi huona haya na kukubali mchoro uliokaa upande.

Je, niweke vivuli vyote kwenye stensili?

Weka mistari mikuu, na mipaka ya vivuli uionyeshe kwa nukta au vistari vilivyokatika ili usije ukaichora kana kwamba ni mistari kamili. Ukijaza kila kitu utapata doa la zambarau lisilosomeka, na mistari iliyobanana hivyo hata ikichorwa vyema huelekea kuungana kadiri miaka inavyopita. Kama huwezi kuweka kivuli bila kuelekezwa na stensili, tatizo si stensili. Rudi kwenye daftari.

Fundi mmoja hupaka dawa ya makwapa ya kijiti badala ya dawa ya kubandikia. Inafaa?

Rangi itahama, na wakongwe walifanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini kijiti kilichosuguliwa kwenye ngozi ya mteja mmoja kisha ya mwingine hubeba kila alichokiacha wa kwanza. Ukimwona fundi anafanya hivyo, inuka kitini uondoke.

Mimi ni mwanafunzi. Ninunue mashine ya joto au nichore kwa mkono?

Chora kwa mkono, walau kwa mwaka mmoja, ukitumia kalamu yenye ncha ngumu juu ya meza ngumu. Mkono uliokwisha kuupitia mstari mara moja karatasini huujua pale unapofika kwenye ngozi, na aliyebonyeza kitufe tu hukutana na mstari huo kwa mara ya kwanza akiwa ameshika sindano. Siipingi mashine, sanaa hii yenyewe ina deni kwa vifaa vya kunakilia, kwani kalamu ya umeme ya Thomas Edison, iliyopewa hataza mwaka 1876, ilibuniwa ili kutoboa stensili za karatasi, na kutokana na wazo hilo Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya tatuu mwaka 1891. Inunue utakapokuwa na wateja wa kuijaza kazi.

Nimechora kwa nguvu zote lakini karatasi haitoi rangi hata kidogo. Nimeuziwa mbovu?

Ondoa ile karatasi nyembamba ya kinga iliyo katikati ya karatasi nyeupe na ile yenye rangi, kisha uchore upya.