Punda si ng'ombe: maswali yenu ya mwezi huu

Maswali yamejaa, na mengi yanafanana. Huku kwetu mavuno yakiisha ndipo punda wanapotupwa. Mpunga umeshatoka Mbarali, mahindi yameshaingia ghalani, na aliyevibeba vyote anaachwa kando ya lami akajitafutie. Wapo wanaowaokota na kuwalea, Mungu awazidishie. Wapo pia wanaowaokota na kuwaua kwa huruma ndani ya wiki moja. Naanza na hao.

Swali: Shikamoo mzee. Niliokota punda dume kando ya barabara kuu, mbavu zinahesabika. Nikampa pumba debe zima na mashudu ya alizeti apate nguvu. Siku mbili alichangamka, ya nne akaanguka, akafa. Nilikosea wapi? (Igurusi)

Jibu: Marahaba. Ulikosea kwenye debe. Usijilaumu kupita kiasi, maana hata mimi nimeshaua punda kwa njia hiyohiyo, cheti cha mifugo kikiwa kimening'inia ukutani. Nilimpa pumba kama ninayemnenepesha ng'ombe wa mnada. Asubuhi ya siku ya nne nikamkuta amelala ubavu, miguu inapiga mchanga polepole, na pumba za jana bado zimemganda mdomoni.

Mwili ulioshinda njaa wiki nyingi huwa umeshakula mafuta yake na kuhamia kwenye misuli. Akiba ya fosforasi, magnesiamu na potasiamu imekauka. Wanga wa pumba ukiingia kwa kishindo, insulini inapanda, na ikipanda inayafagia yale madini machache yaliyobaki kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Moyo na misuli ya kupumua vinakosa cha kuendeshea kazi. Ndiyo maana mnyama huchangamka kwanza, kisha kuanzia siku ya tatu au ya nne anatetemeka na kuanguka. Majirani watakwambia alikuwa amechelewa kuokolewa. Sivyo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, waliwahi kulinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi waliodhoofu kwa njaa, na lusani kavu ndiyo iliyoonekana salama zaidi kwa sababu ina wanga kidogo na madini ya kutosha. Farasi wa kilo 450 huanza na takriban nusu kilo kila baada ya saa 4. Punda wetu wengi hawafiki hata nusu ya uzito huo, kwa hiyo konzi mbili tatu za mkono zinatosha, mchana na usiku. Ndiyo, na usiku. Tega kengele ya simu. Baada ya siku 3 ongeza taratibu, na ukifika siku ya 10 hivi unaweza kumpa milo mitatu ya kushiba. Lusani huna? Nyasi za Rhodes zilizokauka vizuri zinafaa, hata Gwatemala uliyoikata ikiwa changa na kuianika. Maji safi yawepo saa zote. Pumba, mahindi na molasi visikanyage bandani wiki 2 za mwanzo. Mwili wake hautarudi kwa mwezi mmoja. Hesabu miezi 3 hadi 5.

Na tafadhali, nimesema lusani, ile ya majani madogo yenye maua ya zambarau. Sikusema lusina, ule mti mnaoupanda kwenye mipaka ya shamba. Ng'ombe wanauvumilia. Punda akiula sana ananyonyoka singa za shingoni na mkiani, halafu mnaniandikia kwamba amelogwa.

Swali: Punda wangu wa kulea amegoma kula tangu jana asubuhi. Nimpe siku mbili tatu nimwangalie? (Makambako)

Jibu: Mpigie daktari kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Punda akiacha kula, mwili unamwaga mafuta kwenye damu mpaka ini linazidiwa, na wanene na wenye mimba ndio hutangulia kufa. Ng'ombe anaweza kususa siku moja akarudi. Punda si ng'ombe.

Swali: Tunaogesha ng'ombe kila wiki. Huyu punda niliyepewa kumlea ana kupe wengi, nimtumbukize naye joshoni? (Isimani)

Jibu: Hili ni la tano mwaka huu, na nitalijibu kwa mara ya mwisho. Soma chupa. Ukiona neno amitrazi, punda na farasi wakae mbali nayo. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri tu. Kwa jamii ya farasi inasimamisha utumbo: kinyesi kinagoma kutoka, tumbo linajaa, mnyama anajitazama ubavuni na kujibingirisha. Huo ni msokoto wa tumbo, na wengi hawatoki salama. Mng'oe kupe kwa mkono, masikioni na chini ya mkia, kisha umuulize daktari wa mifugo dawa ya jamii ya sipamethrini na kipimo chake kwa punda.

Nikiwa hapohapo, ninyi wa Chunya na wa karibu na hifadhi ya Ruaha, kwenye mbung'o: ile dawa ya ndorobo ya chenga za njano mnayoyeyusha na kuwachoma ng'ombe wote mstari mmoja, punda haistahimili vizuri. Asiingizwe kwenye mstari huo. Apimwe damu kwanza, kisha daktari amwandikie yake. Maabara ya mifugo ya kanda ipo Iringa, itumieni.

Swali: Punda niliyemchukua ana kidonda kikubwa shingoni kilichotokana na nira. Jirani kasema nipake oili chafu ya gari, inzi wataondoka. (Rujewa)

Jibu: Inzi wataondoka, na ngozi itaondoka nayo. Oili chafu, dizeli, unga wa betri, majivu ya jikoni: kila wiki nakutana na kimojawapo juu ya nyama hai. Chemsha maji, yaache yapoe, nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, osha kidonda kwa mkondo huo mpaka kiwe chekundu safi. Fanya hivyo kila siku. Kikiwa kirefu au kinanuka, aje daktari, na umuulize pia kuhusu kinga ya pepopunda. Ugonjwa huo haukupewa jina hilo bure: punda na farasi ni wepesi mno kuupata, na vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, yaani palepale bandani kwako.

Lakini swali lako halikugusa chanzo. Ng'ombe anasukuma nira kwa nundu. Punda hana nundu. Ukimvika nira ya ng'ombe, mti unasaga mfupa wa juu ya shingo na kumkaba koo, na huko Usangu naiona kila msimu wa kulima. Nguvu ya punda iko kifuani. Mtengenezee mkanda wa kifuani wenye upana wa kiganja, wa turubai iliyokunjwa au gunia la katani. Sandarusi hapana, inakata kama msumeno.

Kuna jike mmoja niliyeletewa akiwa amefungwa kamba ya nailoni mguu wa nyuma tangu akiwa mdogo. Mguu umekua, kamba haikukua. Sikuiona kamba yenyewe. Niliona mfereji umezunguka kifundo, unatoa usaha, na uzi wa bluu umechungulia mahali pamoja kama mzizi. Nikaikata kipande kwa kipande kwa mkasi mdogo wa kucha, nusu saa nzima. Hakurusha teke. Alisimama, sikio moja limelala, macho yamefumbwa nusu. Aliyenishikia kamba akasema, "Huyu haumwi." Hapo ndipo wengi mnapokosea. Punda akiwa kwenye maumivu makali hunyamaza. Ng'ombe angelia mtaa mzima ukasikia. Ukimkuta wako ametulia kuliko kawaida na kujitenga na wenzake, usifurahie upole wake.

Swali: Kamwene mzee. Nimeombwa kulea farasi mzee kutoka shamba moja huku Mufindi, wenyewe wanahama. Nimelea punda miaka mingi, kuna tofauti? (Mafinga)

Jibu: Kamwene. Ipo, na kubwa yake ina mabawa. Tauni ya farasi inaenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma kuanzia jua linapozama hadi asubuhi. Punda wetu na pundamilia huambukizwa bila kuonyesha chochote. Farasi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache: homa, uvimbe juu ya macho, povu jeupe puani. Baridi ya Mufindi inapunguza usubi ila haiumalizi, hasa mwishoni mwa masika. Kabla hajavuka geti, dai kadi ya chanjo. Kama hana, panga na daktari wa mifugo mapema. Aingie zizini kabla ya magharibi na milango iwe na wavu. Anakunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, na meno yaangaliwe, maana farasi mzee anayetema nyasi zilizoviringika kama vidonge huwa meno yamemshinda. Kama huna wa kukata kwato karibu nawe, kataa sasa. Ni heshima zaidi kuliko kukubali na kumlemaza.

Swali: Punda si ana manyoya, banda la nini? (Tukuyu)

Jibu: Asili yake ni nchi kavu, manyoya yake hayazuii maji. Na wewe unaishi Tukuyu! Ezeka.

Swali: Nina mahindi yaliyoota ukungu, binadamu hawezi kula. Nimsagie punda? Au nimpe chakula cha kuku wa nyama kilichobaki? (Mbalizi)

Jibu: Maswali mawili, sumu mbili. Kuna ukungu wa mahindi unaotengeneza sumu iitwayo fumonisini, na jamii ya farasi ndiyo inayoumia kupita wanyama wote wa nyumbani: ubongo unalainika. Utamwona anazunguka mahali pamoja, haoni, anasukuma ukuta kwa paji la uso. Tiba haipo. Sisi ndio ghala la mahindi la nchi hii, kwa hiyo ndio tunaopaswa kulijua hili kuliko wote, lakini kila mwaka mahindi mabovu yanamwagiwa punda kwa sababu "yeye anakula chochote." Hali chochote.

Chakula cha kuku wa nyama mara nyingi huchanganywa dawa za kuzuia koksidia, yaani vimelea vya utumbo wa kuku, kama monensini na salinomaisini. Kuku ananenepa nazo. Kwa farasi na punda kiasi kidogo tu kinaharibu misuli ya moyo. Mifuko ya kuku na chakula cha punda visikae chumba kimoja, na koleo lisiwe lilelile.

Swali: Nilimlea punda miezi 5 hadi akanenepa. Sasa mwenyewe amerudi, anasema nilimwibia. (Ubaruku)

Jibu: Pole sana. Na mlioanza kulea juzi, msisubiri yenu. Siku ya kwanza piga picha, zile za mbavu na vidonda, pande zote mbili. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na afisa mifugo, iandikwe: amepatikana wapi, lini, hali gani, nani anagharamia matibabu, na mwenyewe akijitokeza itakuwaje. Mihuri ipigwe. Kwako wewe, kusanya risiti za dawa na mashahidi, urudi kwa mtendaji huyohuyo. Mkumbushe mdai kwamba tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwamba kumwacha mnyama afe njaa ni jambo ambalo yeye ndiye atakayelieleza. Nimeona madai yakiyeyuka hapohapo ofisini.

Swali: Kuna mtu anapita akinunua punda wadhaifu kwa bei nzuri. Wa kwangu haponi haraka, nimuuze? (Makongolosi)

Jibu: Anayenunua punda asiyeweza kubeba hata ndoo ananunua ngozi. Inachemshwa ikawa ejiao, dawa ya asili ya Kichina. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima kupata mtoto mmoja, fanya hesabu mwenyewe. Mtaje mtu huyo kwa afisa mifugo.

Swali: Mmoja anatosha? (Njombe)

Jibu: Wawili. Wakishazoeana usiwatenganishe hata siku moja ya matibabu. Anayebaki anaweza kugoma kula, na hapo turudi kwenye jibu la Makambako.

Swali: Wa kwangu amepona, vidonda vimefunga, manyoya meupe yameota juu yake. Lini nimrudishe kazini, na abebe kiasi gani? (Pawaga)

Jibu: Manyoya yakiota bado ngozi ya chini ni changa, mpe mwezi mwingine wa kutembea bila mzigo. Asiyefikisha miaka 4 asibebe kabisa. Akishakuwa tayari, mgongoni isizidi theluthi moja ya uzito wake, na usiniambie habari za gunia la mahindi, gunia ni kilo 100. Kwa punda wa kilo 130 ni ndoo 2 za maji za lita 20, moja upande huu na moja upande ule. Ya tatu jitwike wewe.