Antivirusi ya bure yatosha? Maswali yenu wiki hii

*Nimenunua laptopu ya Windows 11 pale Luthuli Avenue. Muuzaji anasisitiza nilipie antivirusi ya mwaka mzima. Kuna haja? Mama wa watoto wawili, Umoja*

Hapana, mama. Hiyo laptopu imekuja na mlinzi wake, Microsoft Defender, na ulishamlipia uliponunua Windows. Antivirusi hii imekuwa ndani ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Miaka ile ilidharauliwa, na ilistahili. Siku hizi katika majaribio ya maabara kama AV-TEST ya Ujerumani inatoshana na nyingi za kulipia. Tazama alama ya ngao chini kulia, karibu na saa. Ikiwa na tiki ya kijani, mlinzi yuko kazini. Pesa za leseni nunulia diski ya nje, uweke nakala ya picha na makaratasi yako, kisha uichomoe na kuifungia kabatini. Vile virusi vinavyofunga faili na kudai fidia haviwezi kufika huko.

*Nikiweka mbili za bure, si kinga itakuwa maradufu? Mwanafunzi, Roysambu*

Fahali wawili hawakai zizi moja. Zitashukuana kama virusi, na mashine itajikokota.

*Hizi za bure hula wapi? Msomaji, Lang'ata*

Nyingi hukusumbua na matangazo mpaka uchoke ulipie toleo kubwa. Hilo ni biashara tu. Lakini Avast ilivuka mpaka: kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliuza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliifanya Avast ilipe dola milioni 16.5. Ndiyo maana mimi hubaki na Defender.

*Nilichapisha mtihani saiba, niliporudi nyumbani faili zote za flashi zimegeuka njia za mkato. Antivirusi ikafuta virusi, flashi ikabaki tupu. Kazi ya muhula imeenda? Mwalimu, Kangemi*

Pole, mwalimu, lakini usilie bado, na usiifomati hiyo flashi. Ukiitazama ukubwa wake utaona nafasi bado imejaa: virusi hivi huzificha faili, havizifuti. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri, na kama flashi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Mara nyingi kila kitu hurudi, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Mimi nilifundishwa hili na kijana wa saiba moja mtaa wa Tom Mboya, baada ya flashi yangu kuambukizwa hapo hapo kwake! Tangu siku hiyo hati za kuchapisha najitumia kwa barua pepe.

*Kompyuta yangu ni ya Windows 7. Nikilipia antivirusi nitakuwa salama? Mstaafu, Buruburu*

La, mzee wangu. Microsoft iliacha kuziba matundu ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na antivirusi haizibi tundu la Windows yenyewe. Virusi vya WannaCry, vya aina ile ya kudai fidia, viliposambaa Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu vilimopitia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Wa Windows 10 nao wajue yao ilifika mwisho 14 Oktoba 2025.

*Fundi alizima Defender kwanza ndipo akaniwekea Office ya bure. Aliiwasha tena. Kuna shida? Fundi cherehani, Githurai*

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko maswali yote ya leo. Programu inayotaka mlinzi alale kwanza ndipo iingie, inaingia na nini? Na kuiwasha tena hakutoshi. Fungua Windows Security, nenda sehemu ya virusi, ingia kwenye mipangilio, ushuke hadi palipoandikwa Exclusions. Hiyo ni orodha ya mahali ambapo Defender ameambiwa asikague. Nimefungua kompyuta za watu nikakuta diski C nzima imeandikwa pale: ngao ina tiki ya kijani, na mlinzi hatazami chochote. Ukikuta kitu kama hicho, kiondoe kwenye orodha, uiondoe na hiyo Office, uweke LibreOffice, programu ya kuandikia hati ambayo ni bure kihalali, kisha ukague kompyuta nzima. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa kutumia simu, si kwenye mashine hiyo.